Laini ya Vidole Vyangu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi ya leo! Hata mashine ya kufuma ilikuwa inagoma. Soweto yetu ya hapa Mbeya nzima watu wamejikunyata. Mimi kusema kweli naipenda. Baridi ikizidi, masweta yanatembea.

Lakini siku yangu imeharibiwa na Gloria wa vitenge, jirani yangu wa fremu. Kaingia bila hodi, simu kainyanyua juu kama kombe la mpira. "Mama Anord, soma!" Nikasoma. Ndugu GLORIA, hongera! Umeshaidhinishiwa kadi ya mkopo ya Dhahabu. Umeshaidhinishiwa! Hajaomba, hajapanga foleni, hajapeleka picha za pasipoti. Benki yenyewe ndiyo imemtafuta. Gloria! Anayekopa Jumatatu kwa huyu na Ijumaa anamlipa kwa hela ya yule!

Mimi sijawahi kukopa hata chumvi. Kwenye kikoba naweka tu, sichukui — wenzangu wananiita Benki Kuu. Mama yangu kule Kalenga alitulea na neno moja: kukopa harusi, kulipa matanga. Sasa mwenye harusi kapewa kadi. Mimi mwenye adabu zangu nimepewa nini? Nikafungua simu. Meseji ya kubeti. Meseji ya kwaya. Na ile ya kila siku: "Una shida ya haraka? Pata pesa leo bila dhamana!"

Na kama kuna mtu anaihitaji hiyo kadi ni mimi. Shule ya bweni ya Iringa wanataka masweta ya rangi ya damu ya mzee kabla hawajafungua Julai. Shule nzima! Ila wanalipa mzigo ukifika. Nyuzi nitoe wapi, nifumie nywele zangu? Muuza nyuzi wa jumla anataka hela au kadi, hataki historia. Wamenipa mpaka Ijumaa tarehe 20 niseme kazi naiweza au wampe mwingine.

Sina kijicho. Nimeandika tu.

Jumatano, 4 Juni

Meseji haijaja. Nimezima simu, nimewasha. Haijaja.

Gloria kaniuliza kama kadi ya Dhahabu inaruhusiwa kulowa. Nimemwambia aihifadhi kwenye chumvi.

Ijumaa, 6 Juni

Leo nimeenda benki. Nilivaa suti ya Pasaka. Dada wa mikopo anaitwa Matilda, mtu wa Njombe, mpole. Nikamwambia nimekuja kujua kwa nini mmenisahau.

Akaniambia meseji ya Gloria haikuja kwa mapenzi. Kila anayekopa mahali, iwe benki iwe kwenye simu, taarifa zake zinakusanywa, anapewa alama. Anayerudisha kwa wakati zinapanda, anayechelewesha zinashuka. Benki ikitaka kugawa kadi inaomba watu wenye alama kuanzia kiwango fulani. Hao ndio wanaopigiwa hongera. Walio chini, kimya.

Nikasema, basi mimi nina zote mia, sidaiwi na mtu. Akacheka kidogo. Eti asiyewahi kukopa hana mia, hana kitu! Hawamjui. Yaani Gloria wanamjua kwa madeni, mimi sijulikani kwa uaminifu. Dunia hii!

Halafu akaomba namba yangu ya kitambulisho cha NIDA, nikasaini aangalie. Akaangalia. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena. "Mama, mbona wewe tunakujua sana?"

Nimekopa! Mara nyingi! Mikopo ya simu, midogo midogo, na karibu yote nimechelewa kurudisha. Alama zangu ziko chini kiasi kwamba Matilda aligeuza kioo cha kompyuta mama wa dirisha la pili asione. Akasema hata zile meseji za shida ya haraka huenda haziji kwa bahati mbaya, kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, nao wana namna yao ya kunusa waliokwama. Kumbe hicho ndicho cheo changu!

Namba iliyokopa si ninayotumia. Ni laini nyingine, imesajiliwa kwa vidole vyangu. Matilda akanisindikiza hadi mlangoni. "Samahani mama kwa u—" Nikashtuka mpaka mlinzi akageuka. Sababu ya kushtuka nitaiandika kesho. Leo nina hasira, na miguu inauma na hivi viatu.

Jumamosi, 7 Juni

Mume wangu Asukile karudi na Fuso la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Nimemwacha ale kwanza. Akishiba hukiri haraka.

"Ile laini? Si ya baba!"

Nikakumbuka yote. Mwaka ule wa kusajili laini kwa vidole, baba yake aliweka kidole kwenye mashine pale Rujewa, mashine ikakataa. Kingine, ikakataa. Vyote kumi. Jembe la mpunga limemfuta alama zote. Kitambulisho cha Asukile kilikuwa hakijatoka. Changu kilikuwepo. Nikabonyeza, nikasahau, nikaenda kununua nyanya.

Yaani mzee hana alama za vidole, akatumia zangu. Sasa kanimalizia na alama za mkopo!

Nikamwambia Asukile nipe simu, namuuliza mwenyewe sasa hivi. Akaweka kijiko chini. "Mama Anord. Utamuuliza wewe?"

Nilisahau. Hasira ilinisahaulisha. Mimi na baba mkwe hatusemezani. Hatuonani. Wanyakyusa wenyewe wanaita kutila — mkamwana hakai chumba kimoja na mkwewe, hamtazami usoni, halitaji jina lake wala neno linalofanana nalo. Familia nyingi hapa Mbeya wameacha. Ya Asukile hawajaacha. Nilipoolewa nilicheka, Mhehe mimi, kwetu mkwe unamsalimia kamwene na maisha yanaendelea. Baadaye nikaona mbona ina faida. Mkwe asiyeongea nawe hawezi kukusema.

Na jina lake! Siliandiki hata humu. Ni la taabu tupu, linaanza na Ma. Ni ndugu na lile neno ambalo benki na kampuni za simu wanaliomba radhi kila siku, samahani kwa u-nini. Tangu niolewe silitamki. Mtu akinigongea usiku nasema ananipa kero. Mtoto akilia sana nasema ananipa adha. Wateja wanafikiri mimi ni mwalimu wa Kiswahili.

Jumanne, 10 Juni

Leo ni leo. Nimecheka, nimelia, nimeunguza shati la Anord kwa pasi.

Wifi Sekela, dada wa Asukile anayeishi na mzee Rujewa, kapiga. Sauti ya chini. "Wifi, baba anauliza, umekasirika nini?"

Nikasema sijakasirika. "Mbona siku hizi humwandikii?" Nimwandikie nani? "Baba. Zile meseji zako."

Meseji zangu!

Nimemkalisha Sekela kwenye simu mpaka bando lake likaisha, nikampigia mimi. Kumbe ni hivi. Laini ina jina langu, kwa hiyo kampuni ikituma ofa inaandika: Ndugu EVELINE, umeshaidhinishiwa kiasi fulani, jibu NDIYO kupokea. Mzee kavaa miwani, kasoma: Eveline. Jina la mkamwana wake! Akafikiri usiku kucha. Asubuhi akamwambia Sekela, huyu mtoto ana adabu ya ajabu. Haruhusiwi kusema na mimi kwa mdomo, kaamua kusema kwa simu. Anataka kunipa kitu, ananiuliza kwanza kama nitapokea. Nitamwambiaje mtoto hapana?

Akajibu NDIYO. Hela ikaingia.

Ikaja nyingine. NDIYO. Nyingine. NDIYO! Hela ya trekta, NDIYO. Bati la jiko, NDIYO. Rujewa nzima wanajua mzee fulani ana mkamwana Mbeya anamtunza kama yai. Kanisani alisimama akatoa ushuhuda!

Na akiweka hela ya mpunga, simu inakata deni. Hapo nikauliza, hakushangaa? Sekela akasema wala. Alisema, "Mwenye laini kachukua. Mtoto ana shida huko mjini, asiulizwe." Hajawahi kulalamika hata mara moja.

Na lile gunia la mchele linalokuja kila mavuno, nilidhani ni la Asukile. Ni langu. Ni asante yake. Miaka yote nimekula asante ya zawadi nisiyotoa, tena nikisema mchele wa mwaka huu una chenga.

Ndaga fijo, asante sana wifi, Sekela akaniambia kabla ya kukata, kwa vile unavyomfanya baba ajisikie mtu. Naye hajui! Sekela naye anaamini! Sikuweza kumwambia.

Jumatano, 11 Juni

Gloria kachukua kadi yake. Karudi kimya kimya, kafungua fremu, kakunja vitenge vilivyokwisha kunjwa. Nikangoja. Akasema mwenyewe.

Ile "umeshaidhinishiwa" kumbe ni ya mlangoni tu. Ukiingia ndani wanakuangalia upya. Wamekuta tangu meseji itoke kakopa pengine na pengine, kwa furaha. Kadi wamempa, ya Dhahabu kweli, inang'aa. Kiwango chake kinatosha kununua kabichi na nauli ya kuzirudisha nyumbani.

Nilitaka kucheka. Nikamtengenezea chai. Mwenye alama kama zangu acheke nani?

Alhamisi, 12 Juni

Mimi na Asukile tumebishana nani amwambie mzee. Asukile kasema yeye hapana. "Nimwambie umekopa kwa jina la mke wangu? Si nimemwita mwizi?" Sekela naye nitamwanzaje. Mimi siruhusiwi. Kwa hiyo kwenye ukoo mzima hakuna mdomo.

Basi nikatafuta njia ya kimyakimya, laini ihamishiwe jina lake. Leo Sekela kampeleka kwa wakala. Wamempaka mafuta vidole, wamempaka ndimu, wamemfuta kwa kanga. Mashine imekataa, wakala kasema wajaribu siku nyingine makao makuu. Mzee kauliza swali moja tu njiani kurudi: "Kwani mkamwana amechoka kunitunza?"

Sikula.

Jumatatu, 16 Juni

Mzee kauza mpunga, bei nzuri. Kaweka hela kwenye simu, deni lote limekatwa — limeisha! Sekela anasema alifurahi. Eti, "Kachukua nyingi safari hii, lazima ana jambo kubwa." Akaniombea.

Nikakimbia kwa Matilda. Dawa ya deni kulipa, nikamwambia, haya nipe kadi. Akasema vizuri mama, lakini taarifa huchukua wiki kadhaa kufika, na alama zinashuka kama jiwe, kupanda ni Fuso lenye mzigo pale mlima Kitonga. Zikikaa safi miezi kadhaa, wataniona. Asichelewe tena tu. Asikope hovyo tu.

"Asi" nani, dada? Mzee namwambiaje?

Masweta yangu yanadai jibu Ijumaa hii, si baada ya miezi kadhaa.

Jumatano, 18 Juni

Imekuja. Si kwangu. Rujewa!

Kwa kuwa deni limelipwa, kampuni imefurahi: Ndugu EVELINE, hongera kwa uaminifu wako, kiwango chako kimepanda, umeshaidhinishiwa — halafu hela! Sekela alinisomea mara mbili. Ni nyuzi zote za Iringa. Zote, na nauli. Jibu NDIYO.

Mzee hajajibu. Kasema hela kama hiyo haipokelewi mtu amekaa kwenye kigoda. Lazima aje.

Aje wapi?

"Kwenu, wifi. Kesho anapanda basi la asubuhi na mchele."

Na Asukile kaondoka alfajiri, yuko Ruaha Mbuyuni anapakia vitunguu.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Yuko jikoni.

Nilikuwa nachambua mchele wa ugeni, maharage yako jikoni, nikasikia kikohozi nje. Kile cha hodi, cha mtu anayekuambia ujifiche. Nikakimbia kama kuku. Nimeingia na ungo, nimesahau kanga, nimesahau maharage.

Anord yuko shule. Gloria nimempigia aje awe mdomo wetu, yuko sokoni Mwanjelwa. Asukile hapatikani, mtandao wa huko.

Nasikia gunia limetuliwa. Nasikia kiti.

Maharage yanaungua. Nasikia harufu. Na yeye anasikia. Siwezi kutoka!

Kainuka. Jamani. Ametafuta mwiko, amepata. Baba mkwe anakoroga maharage yangu! Ameongeza maji. Kajaza mno, nasikia.

Anaongea. Si na mimi, adabu yake iko palepale. Anaongea na sufuria.

"Sufuria," kasema, "mwenye nyumba hii hajambo?"

Nimegonga ungo mara moja. Hajambo.

"Nashukuru. Sufuria, mimi ni mzee, sina maneno mengi. Mwenye nyumba ameniuliza kitu kwenye simu. Ni hela kubwa. Zile nyingine nilijibu bila kufikiri. Hii nimeona nije nimuulize, yeye mwenyewe zinamtosha? Watoto wanakula? Nijibu nini?"

Nikakaa kitandani. Ndiyo moja tu. Nikiandika NDIYO hela inaingia, nikiongeza "nitumie" ananitumia, kesho naiambia Iringa kazi naiweza. Naye anarudi Rujewa na mkamwana wake wa ushuhuda. Hakuna anayelia. Halafu marejesho yanaanza, mpunga umeshauzwa, atalipa na nini? Simu itakata kidogo kidogo kila atakachoweka, naye atasema mtoto ana shida, asiulizwe.

Nimechana karatasi ya vipimo vya masweta. Nimeandika herufi kubwa za kusomeka na miwani yake. HAPANA. Nimeipitisha chini ya mlango.

Kaiokota. Nasikia miwani inafunguliwa.

"Ha-pa-na."

Mwiko umesimama. Maharage yanachemka peke yake.

"Sufuria. Na zile za nyuma? Nazo alitaka niseme hapana?"

Nimechukua karatasi nyingine. Sina cha kuandika. Kila neno ninalolianza linamuumiza. Nadhani ameisoma hiyo karatasi tupu kupitia mlango, maana kasema taratibu, "Kwa hiyo hela haikuwa yake." Hakuuliza. Kasema tu, kama mtu anayejua sasa kwa nini ng'ombe hakurudi zizini.

Halafu, "Na mimi nikasimama kanisani."

Nalia, na nazuia sauti, maana hata kilio changu haruhusiwi kukisikia. Hajaiba huyu mzee. Alidhani nampenda. Na sasa, nikiwa huku nyuma ya mlango na ungo wangu, naona kwamba nampenda kweli. Kumbe ilihitaji benki!

Kiti kimesogea. Hatua zake zinakuja. Zimesimama hapa hapa, upande wa pili wa ubao. Safari hii hakuiita sufuria.

"Mwanangu," kasema, "nimekuletea..." na akataja jina lake. Zima zima, kwa mdomo wake mwenyewe. Sijui kama ameniomba radhi au amejitambulisha.

Jibu la adabu ni moja, hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Hapana baba, hujani— Hilo hilo! Ndilo neno nisiloruhusiwa kulitamka tangu siku ya harusi. Nimepima mengine. Hujanipa kero. Hujanipa adha. Hayo ni ya kumwambia mteja. Kwa mtu aliyesimama hivi, hayatoshi.

Anasubiri. Amekohoa, si kile cha hodi.

Nimeshashika kitasa.